Biskuti za Kakao Pasipo Tanuri

Likizo iliyopita nilipika biskuti za kakao nyumbani kwetu mara tatu, na mara mbili ziliniharibikia. Nataka kuwaelezeni habari za mara zote tatu, maana mtu akielezwa ile ya mwisho peke yake atakwenda kuharibu sukari ya mamaye kama nilivyoharibu mimi.

Biskuti hizi haziokwi. Hazitaki tanuri, wala mayai, wala unga wa ngano. Hutengenezwa kwa sukari, maziwa, siagi, kakao, siagi ya karanga na oti, yaani ile nafaka iliyopondwa bapa ambayo wengi wetu tunaijua kwa uji wa asubuhi. Unachemsha sukari na maziwa pamoja na siagi na kakao, unatia oti, kisha unateka kwa kijiko na kuweka mafungu madogo juu ya kitu kikavu mpaka yagande. Asili yake ni Marekani. Katika sehemu nyingine za huko huitwa biskuti za mhubiri, na watu husimulia kwamba mama mwenye nyumba alipomwona mhubiri anakuja kwa mbali juu ya farasi, aliweza kuzipika zikawa tayari kabla mgeni hajabisha hodi. Mimi nadhani farasi huyo alikuwa mvivu, kwa sababu kuganda peke yake huchukua nusu saa.

Tulifundishwa na Sista anayeongoza chama chetu cha mapishi. Alituandikia vipimo ubaoni: sukari vikombe viwili, maziwa nusu kikombe, siagi nusu kikombe, kakao ya unga robo kikombe, siagi ya karanga nusu kikombe, oti vikombe vitatu, chumvi kidogo sana, na vanila kijiko kimoja cha chai. Biskuti zilipatikana 30, tukazila, nami nikanakili vipimo vyote katika daftari langu nikaamini kwamba sasa najua. (Wako wavulana wenzangu wasemao kuwa chama cha mapishi ni cha wasichana. Siku ile walisimama dirishani wote.)

Sasa yafaa niwaeleze juu ya kwetu. Nyumbani ni Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, upande unaotazama Congo, na huko kakao ndiyo karo. Mwaka 2024 bei yake katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikupata kutokea kabla, na ijapokuwa baadaye ilishuka, mwaka ule baba alilala shambani usiku mwingi kuwalinda wezi wasichume matunda. Amepanda na kupalilia kakao tangu kabla sijazaliwa. Hata hivyo, katika nyumba yetu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyepata kuonja chakula kilichopikwa kwa kakao, isipokuwa mimi siku ile shuleni. Sisi watoto tulifyonza ule utamu mweupe unaozizunguka mbegu mbichi, tukatema mbegu, basi.

Nilipofika nyumbani niliona kopo la kakao dukani, na bei yake ilinirudisha nyuma. Nikawaza, kwa nini ninunue kopo dogo na chini ya kitanda cha wazazi wangu kuna magunia mawili? Nikamwomba baba. Alinyamaza kitambo, kisha akatoa mizani yake, akanipimia nusu kilo sawasawa kama ampimiavyo mnunuzi, akasema, "Hizi ni za karo yako mwenyewe. Ukiziharibu, umejiharibia."

Mbegu zilikuwa zimekwisha kuchachushwa na kukaushwa. Jambo hili si dogo. Mbegu mbichi zikitolewa katika tunda hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba siku tano mpaka saba, nazo hugeuzwageuzwa. Humo hupata joto, hufa, na ukali wake hupungua. Kisha huanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Mbegu isiyochachushwa, hata uikaange namna gani, itakuwa chungu na kuukausha ulimi.

Nikazikaanga katika sufuria pana juu ya makaa yasiyo makali, nikikoroga bila kupumzika, karibu dakika 25, mpaka maganda yakaanza kupasuka na nyumba nzima ikanukia. Mama akatoka nje kuangalia ni kitu gani. Zilipopoa kidogo nikazimenya kwa vidole, nikapepeta kwa ungo, nikatia katika kinu cha karanga.

Hapo ndipo daftari langu liliponiacha. Nilingojea unga. Nikatwanga, nikatwanga, lakini badala ya unga kinu kikaanza kung'aa kwa mafuta, na nilichopata ni uji mzito mweusi. Dada yangu mdogo akasema nimetia maji. Sikutia. Sababu yake niliisoma baadaye katika maktaba yetu: karibu nusu ya uzito wa mbegu ya kakao iliyomenywa ni mafuta. Mwaka 1828 huko Uholanzi jamaa ya Van Houten walipata haki ya mashine ya kukamua sehemu kubwa ya mafuta hayo, na kile kikavu kinachobaki husagwa kikawa unga. Kakao ya kopo, basi, ni mbegu iliyokwisha kukamuliwa. Ya kinu changu haikukamuliwa.

Mimi sikuyajua hayo, nikachukua kakao yangu, nikatia na siagi nusu kikombe kama ubao ulivyosema. Kosa la kwanza. La pili lilikuwa kubwa zaidi. Sista alisema tuchemshe "dakika moja", nami nilianza kuhesabu mara nilipoona mapovu pembeni mwa sufuria. Nikaondoa motoni, nikatia siagi ya karanga na oti, nikateka mafungu yangu kwa mpangilio mzuri. Yakakaa hapo. Saa nzima yakakaa. Jioni yalikuwa yametandaa kama samadi ya ng'ombe baada ya mvua, yakizungukwa na mafuta. Wadogo zangu waliyala kwa vijiko wala hawakulalamika, lakini mama alitazama kopo la sukari, kisha akanitazama mimi, asiseme neno. Ningependa angesema.

Siku ya tatu nikanunua sukari kwa fedha zangu za nauli nikajaribu tena. Nilijiapiza kuwa safari hii sharti ichemke. Ikachemka! Nilikuwa nikiongeza makaa, nikagombana na mdogo wangu juu ya mwiko, na nilipogeuka sharubati ilikuwa imeruka juu kwa muda wa dakika tano hivi. Nilipotia oti nilisikia zinakwaruza. Hazikushikana hata kidogo. Nilipata makombo makavu yenye chembe za sukari, tuliyoyanyunyiza juu ya uji juma zima.

Usiku ule nilikaa nikafikiri, maana mbegu bado zilikuwako lakini nauli ilikuwa imepungua. Vipimo vilikuwa sawa mara zote mbili. Kilichotofautiana ni kuchemka tu. Nikakumbuka kwamba Sista, wakati sisi tunacheka, alikuwa ameinamia sufuria akiangalia saa yake ya mkononi. Hilo sikuliandika katika daftari.

Haya ndiyo yanayotokea ndani ya sufuria. Sukari iliyoyeyuka katika maziwa huanza kuchemka kwa joto linalokaribia lile la maji. Mvuke unapotoka maji hupungua, sharubati hukaza, na joto la kuchemka hupanda. Likifika nyuzi 110 za Selsiasi au kupita kidogo, maji yaliyobaki ni haba kiasi cha kuwa sharubati ikipoa hukaza na kufanya chembe ndogo ndogo za sukari, nazo huzishika oti pamoja. Yakibaki maji mengi, hupati ila tope. Yakipungua mno, sukari hugeuka chembe ungali unakoroga, na oti hukosa cha kuzishika.

Kwa hiyo dakika huhesabiwa tangu sufuria ichemke kwelikweli: mapovu yamejaa katikati, na hata ukikoroga kwa mwiko hayatulii. Tangu hapo hesabu sekunde 60 mpaka 90. Kwa jiko la makaa, ambalo moto wake haufanani leo na kesho, saa haitoshi. Weka kikombe cha maji baridi karibu. Dakika ikitimia, epua sufuria, dondosha tone moja la sharubati majini, ulikusanye kwa vidole. Likitawanyika, rudisha motoni nusu dakika ujaribu tena. Likikusanyika kuwa kitonge laini kinacholegea ukikitoa majini, imetosha. Likiwa gumu, umechelewa. Ongeza vijiko viwili vya maziwa ya moto kabla ya kutia oti, labda utaokoka. Mwenye kipimajoto naye ajihadhari, kwa kuwa kadiri mtu anavyopanda juu ya mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi, kiasi cha nyuzi moja kwa kila mita 300. Sharubati nayo hufuata desturi hiyo hiyo. Tone la majini halijali mlima.

Mara ya tatu nilipima kakao ya kinu gramu 50 kwa mizani ya baba, na katika ile siagi nusu kikombe nikapunguza vijiko viwili vya chakula, kwa sababu kakao yangu imekuja na mafuta yake. Mama alinikatia kipande cha vanila kutoka katika mimea yake inayotambaa nyuma ya jiko (vanila halisi ni mmea unaotambaa, watu wengi hufikiri ni maji ya chupani), nikakipasua na kukichemsha ndani ya maziwa. Karanga tulikaanga na kusaga wenyewe. Nikatia sukari, maziwa, siagi, kakao na chumvi sufuriani, nikakoroga mpaka ikachemka kweli, nikahesabu, nikadondosha tone. La kwanza likatawanyika. La pili likashika. Nikaepua, nikatia siagi ya karanga ikayeyuka, kisha oti, nikachanganya upesi sana, maana hapo huna muda wa kuzungumza na mtu. Mafungu niliyaweka juu ya majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni na kufutwa yakauke, kwa kuwa jani lenye maji hulainisha biskuti chini.

Oti ziwe zile nyembamba za kuiva upesi. Zile nene hubaki ngumu menoni. Niliwahi kujaribu katika bakuli dogo kutia unga wa ulezi mahali pa oti, nikapata kitu kisicho na jina.

Baada ya nusu saa nilinyanyua moja. Ikatoka katika jani nzima. Nikampelekea baba aliyekuwa akitengeneza jembe uani. Aliitazama pande zote mbili, akaila polepole, akauliza, "Hii ndiyo wanayoifanya?" Nikamwambia kuwa ni mojawapo. Akauliza tena, "Humu mna mbegu ngapi?"

Sikuwa nimelifikiri swali hilo. Tukahesabu pamoja. Gramu 50 za kakao ya kinu, ukirudisha maganda na kile kilichopotea, zilitoka katika mbegu kavu kama 65, kwa kuwa mbegu moja ni kama gramu moja. Biskuti zilikuwa 30. Basi ni mbegu mbili na kidogo kwa kila biskuti. Baba aliingia ndani, akarudi na mbegu mbili, akaziweka juu ya kigogo kando ya biskuti nyingine, akazitazama hivyo zilivyo kwa muda. Kisha akaniuliza bei ya biskuti moja ya namna hiyo mjini, nikamwambia, akacheka, lakini si kicheko cha furaha tu.

Mama aliuliza juu ya sukari. Hilo nalo ni swali la haki: vikombe viwili ni gramu 400, na katika hesabu yetu sukari, oti na siagi ndizo zilizokula fedha. Biskuti hizi zikifungiwa katika kopo kavu zaweza kukaa juma moja. Zetu zilikwisha kabla ya taa kuwashwa, maana jirani watatu walifuata harufu.

Tulikubaliana na baba kwamba likizo ijayo atanipimia kilo nzima, nami nitapika 60 nizipeleke sokoni siku ya mnada tuone kama zitarudisha gharama. Oti ndizo zinazonisumbua, kwa kuwa ndicho kitu pekee tunachonunua kutoka mbali. Kama yuko msomaji aliyepata kutumia nafaka ya kwetu badala yake ikashika vizuri, tafadhali aandike katika toleo lijalo, aseme pia aliitayarisha vipi. Asiniambie ulezi.