Jinsi ya Kukuza Krisanthemu

Mtu akipanda krisanthemu katika uwanja wa nyumba yake huko Katumba, karibu na mji wa Mpanda, mara nyingi huona jambo la kushangaza. Mche hushika vema, hutoa majani machache, kisha kabla haujafika magotini huchanua. Maua yake ni mawili au matatu tu, shina ni jembamba kama unyasi, na upepo wa kwanza huulaza chini. Mwenyewe huulaumu udongo; huongeza samadi, huongeza na maji, lakini mche wa pili huwa vile vile. Tena maji hayo si kitu cha kupotezwa. Mvua za Katumba huanza kunyesha karibu na Novemba na kukoma karibu na Aprili au Mei. Miezi iliyobaki ni ya kiangazi, na kila debe linalomwagiwa maua limechotwa kisimani na kubebwa kichwani. Basi yafaa kujua sababu.

Krisanthemu asili yake ni Uchina, ambako watu wamelilima na kulisifu kwa muda uliozidi miaka 1,500. Kutoka huko lilifika Japani, na hata leo alama ya mfalme wa Japani ni ua la krisanthemu lenye petali 16. Mwaka 1789 mfanya biashara mmoja Mfaransa, jina lake Blancard, alilileta katika bandari ya Marseille, na tangu hapo likaenea Ulaya. Lile linaloonekana kuwa ua moja, kwa kweli ni mkusanyo wa maua madogo mengi juu ya kitako kimoja, kama lilivyo ua la alizeti, kwa maana mimea hiyo miwili ni ya jamaa moja.

Huko Ulaya, krisanthemu la bustanini halichanui wakati wa joto, mchana uwapo mrefu. Laongeza majani na matawi tu, miezi kwa miezi. Usiku uanzapo kurefuka, ndipo vifumba vya maua hutokea. Kwa hiyo katika Ufaransa maua hayo huwa tayari mwanzo wa Novemba, na watu huyapeleka makaburini kwa Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Zamani wakulima walidhani kwamba ni baridi inayoyaita maua. Lakini mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walieleza habari nyingine. Walikuwa na tumbaku ya namna moja iliyokataa kuchanua shambani wakati wa joto, ikazidi kurefuka tu. Wakaiweka mimea katika kibanda chenye giza kwa sehemu ya kila siku, ili mchana wake uwe mfupi, nayo ikachanua. Baadaye ikajulikana kwamba mimea ya namna hiyo hupima hasa urefu wa giza. Usiku ukiwa mrefu usiokatizwa, hutoa maua. Mwanga ukiingia katikati ya usiku, hata kwa muda mfupi, huhesabu kana kwamba usiku ulikuwa mfupi. Krisanthemu ni mojawapo.

Sasa jambo la Katumba laeleweka. Mahali hapo pako karibu na ikweta, na mchana mrefu wa Desemba hauuzidi mchana mfupi wa Juni hata kwa saa moja. Usiku ni mrefu mwaka mzima. Kipandikizi kikiisha kushika mizizi, kila usiku chapata ile amri ya kuchanua, nacho chaitii kikingali kichanga. Hakuna samadi iwezayo kuibatilisha.

Kwa sababu hiyo mwenye bustani huanza kwa hila ndogo. Hapandi kipandikizi kimoja, bali vitatu au vinne katika chungu kimoja, au katika kopo kuukuu lililotobolewa chini ili maji yatoke. Vipandikizi hukatwa kwenye ncha za matawi yasiyo na vifumba, urefu wa kidole. Majani ya chini huondolewa, na ncha hizo huchomekwa katika mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya juma mbili au tatu huwa na mizizi, nazo huhamishwa katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Kazi ya pili huwaogopesha wengi, nayo ndiyo kubwa. Mche ukiisha kuanza kukua, na majani yake yakiwa matano au sita, ncha yake hukatwa kwa kucha. Mtoto akiona hivyo aweza kudhani kwamba mche unaharibiwa. Lakini ncha ya shina hutoa maji maji ambayo huyazuia macho yaliyo chini, kwenye vikonyo vya majani, yasichipue. Ncha ikiondolewa, kizuizi chaondoka, na macho matatu au zaidi huamka pamoja na kuwa matawi. Mahali pa shina moja pana kichaka.

Mwenye taa ya umeme, hata ile ya nguvu ya jua, aweza kufanya zaidi. Huitundika karibu juu ya miche na kuiwasha katikati ya usiku, tangu saa nne hata saa nane, kwa muda wa juma tatu au nne. Mche hudanganyika, nao waendelea kutoa matawi. Hukatwa ncha, matawi mapya huachwa yarefuke kidogo, kisha taa huzimwa, na baada ya miezi miwili hivi au zaidi kidogo maua huwa wazi. Karibu na Arusha, na katika Uganda kando ya Ziwa Victoria, yamekuwako mashamba yanayokuza vipandikizi vya krisanthemu vya kupelekwa Ulaya kwa ndege, na taa hutumika usiku kwa sababu iyo hiyo. Ila asisahau kuizima. Krisanthemu lililopandwa chini ya taa ya barazani iwakayo usiku kucha laweza kukaa miezi mingi na majani mazuri bila ua hata moja.

Asiye na taa hukata ncha mapema, na vifumba vya kwanza, vikiwa vidogo kama punje ya mtama, huvitoa, ili nguvu irudi katika matawi. Kichaka chake kitakuwa kidogo kuliko cha mwenye taa, lakini hakitakuwa unyasi.

Maji humwagwa asubuhi, penye udongo wala si juu ya majani, kwa maana majani yalalayo na maji hupata kutu nyeupe. Vidukari hukaa chini ya ncha changa. Huoshwa kwa maji ya sabuni. Kuku nao ni adui wa kweli, na dawa yao ni ua wa miti.

Hapa pana tofauti ya kuangaliwa. Pareto, ua jeupe linalolimwa Mufindi, Njombe na Mbeya ili kutengeneza dawa ya kuua wadudu, ni ndugu wa krisanthemu, na zamani wataalamu waliliita kwa jina hilo hilo. Lakini pareto halihesabu usiku kama nduguye. Lenyewe lataka baridi ya milimani ili litoe maua mengi, na kwa hiyo katika joto la Katumba lingekuwa majani matupu.

Maua yakiisha kunyauka, shina hukatwa likabaki urefu wa kiganja. Machipukizi hutokea kwenye shina la chini, nayo ndiyo yatakayokatwa kuwa vipandikizi vipya, kabla usiku haujayaamuru yachanue.