Je, Mwenzako Bado Anatembea Vizuri?

Hapa kwetu Marani ni milima tupu. Tunapokwenda Misa, mume hutangulia na mke hufuata nyuma na mwavuli. Basi mume haoni kwamba siku hizi mkewe husimama mara tatu kabla ya kuumaliza mlima. Hujua siku anapoteleza njiani kutoka mtoni na kuvunjika nyonga.

Kumwuliza hakutoshi. Mtu mzima mwenye sukari au presha, aliyezoea kuvumilia, atakujibu, "Niko sawa, Baba." Tazama mwenyewe. Kuna kipimo cha hospitalini mnachoweza kukifanya nyumbani bila gharama. Weka kiti imara uani, mahali palipo sawa. Pima mita 3 na uweke alama. Mwenzako avae viatu vyake vya kila siku, na kama ana mkongojo autumie. Ukimwambia aanze, ainuke, aende mwendo wake wa kawaida hadi kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Wewe hesabu kwa saa ukiwa karibu, umdake akiyumba. Ikifika sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka, na inafaa aonwe na daktari.

Lakini usitazame saa tu. Je, alijisukuma kwa mikono ili ainuke? Aliburuta mguu? Alishika ukuta alipogeuka? Na choo cha nje usiku, bado anakifikia?

Mimi katekista nilipata kumlaumu mama mmoja kwa kuacha Jumuiya Ndogo Ndogo. Nilidhani imani imepoa. Kumbe ni magoti, na nyumba tuliyosalia ilikuwa ng'ambo ya bonde. Niliona haya sana.

Chanzo huwa si uzee peke yake. Sukari huweza kuua hisia za nyayo. Dawa za presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Usimwachishe dawa, mwulize daktari. Macho nayo yapimwe. Mguu mmoja ukilegea kwa ghafla, hiyo yaweza kuwa kiharusi: hospitali saa ile ile, msingoje kesho.

Wewe mume uliyeahidi mbele ya altare kuwa naye katika afya na ugonjwa, Jumapili ijayo ondokeni nusu saa mapema, yeye atangulie, wewe ufuate. Mwavuli ubebe wewe.