Kupima au Kupeleleza? Istilahi za Upimaji wa Mtandao na Ridhaa ya Mwenyeji wa Kifaa

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi anazozihitaji mzungumzaji wa Kiswahili ili aweze kuelewa, na hatimaye kukubali au kukataa, ombi la kuweka nyumbani kwake kifaa kidogo cha kupimia intaneti. Mfano unaotumika ni huduma ya RIPE Atlas iliyoanzishwa mwaka 2010. Hoja yetu ni kwamba ridhaa ya mwenyeji hutegemea istilahi zinazotenganisha kupima na kupeleleza, na kwamba istilahi hizo hazina budi pia kueleza kile ambacho kifaa hukituma kutoka katika anwani ya mwenyeji.

1.0 Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili imeelekezwa zaidi kwenye mahitaji ya darasa na ya ofisi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) ilimlenga msomaji wa sayansi. Programu za ofisi zilizotafsiriwa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kutolewa mwaka 2004, zilimlenga mtumiaji wa kompyuta. Katika hali hizo mbili, msomaji asiyeelewa istilahi hupoteza alama za mtihani au hubonyeza kitufe kisichofaa, kisha hujirekebisha.

Ipo hali ya tatu ambayo haijashughulikiwa vya kutosha, nayo ni ile ya mtu anayeombwa kutoa kilicho chake kwa ajili ya utafiti wa wengine. Hapo istilahi huwa sehemu ya mapatano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinaipa ridhaa nafasi kubwa. Lakini mtu hawezi kuridhia jambo ambalo hajalielewa. Katika makala hii tutaeleza kwanza huduma yenyewe, kisha vipimo vyake, halafu tutajadili istilahi tatu na kupendekeza fasili moja.

2.0 Huduma ya RIPE Atlas

RIPE Atlas huendeshwa na RIPE NCC, chama cha wanachama chenye makao yake Amsterdam, Uholanzi. Chama hicho hugawa anwani za intaneti kwa mitandao ya Ulaya, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia ya Kati. Oman, yenye wazungumzaji wengi wa Kiswahili, imo katika eneo lake. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika huhudumiwa na AFRINIC yenye makao Mauritius. Hata hivyo, vifaa vya RIPE Atlas vimeenea dunia nzima, na vilivyounganishwa vinazidi 10,000.

Kifaa chenyewe ni kidogo, cha kutosha kiganjani. Hupata umeme kupitia waya wa USB, na huunganishwa kwa waya wa mtandao na ruta ya nyumbani au ya ofisini. Tangu mwaka 2020 mtu anaweza pia kuweka programu inayofanya kazi hiyo hiyo katika kompyuta yake. Vipo pia vifaa vikubwa zaidi, viitwavyo nanga, ambavyo hupima na vilevile hupimwa na vingine. Jina hili limetafsirika kwa urahisi, kwani nanga katika Kiswahili ni kitu kinachokishikilia chombo kisiondoke mahali pake.

Husemwa kwamba huduma hii ni ya jumuiya, na kauli hiyo inahitaji ufafanuzi. Mitambo ya kati na programu hutunzwa na RIPE NCC. Jumuiya inahusika kwa kuwa vifaa huwekwa na watu wanaojitolea, ambao hulipia umeme na intaneti wenyewe, na kwa kuwa matokeo kwa kawaida huwa wazi kwa wote. Bila watu hao mitambo ya Amsterdam isingeona lolote nje ya mlango wake.

3.0 Vipimo viwili vya msingi

Kipimo cha kwanza ni kile ambacho wataalamu hukiita pingi. Kifaa hutuma pakiti ndogo kwa kompyuta ya mbali, nayo huirudisha. Kinachopimwa ni muda wa kwenda na kurudi. Tunapendekeza kukiita kipimo cha hodi. Apigaye hodi haingii ndani. Hutaka kujua tu kama kuna mtu na kama ataitika. Katika vipimo vya kudumu vya RIPE Atlas, kwa kawaida pakiti tatu hutumwa kila baada ya sekunde 240. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba adabu ya hodi nayo ni mara tatu, na asipoitikiwa mgeni huenda zake.

Kipimo cha pili ni kipimo cha njia. Kifaa hutuma pakiti iliyopewa ukomo wa hatua moja. Ruta ya kwanza huona kuwa ukomo umekwisha, huitupa pakiti na kurudisha taarifa. Pakiti inayofuata hupewa hatua mbili, kisha tatu, na kadhalika, hadi ruta nyingi za njiani zimejitambulisha. Ikumbukwe kwamba kipimo hiki huonyesha njia ya kwenda tu. Njia ya kurudi yaweza kuwa nyingine kabisa.

Faida ya vipimo hivi itaonekana kwa hesabu rahisi. Mwanga hupita ndani ya nyaya za kioo kwa mwendo wa takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam na Nairobi zimetengana kwa takribani kilomita 670, hivyo hodi kati ya miji hiyo haiwezi kujibiwa chini ya milisekunde 7, na kwa kuwa nyaya hazinyooki itachukua zaidi kidogo. Tuseme sasa kwamba jibu linachukua milisekunde 160. Dar es Salaam hadi London ni takribani kilomita 7,500, na London hadi Nairobi takribani kilomita 6,800. Pakiti inayopitia London wakati wa kwenda na wa kurudi haitumii chini ya milisekunde 143. Muda huo peke yake hauthibitishi safari ya Ulaya, kwani msongamano nao huchelewesha. Lakini unatoa sababu ya kutazama kipimo cha njia. Ni kwa ajili ya kuondoa safari za namna hiyo kwamba vituo vya kubadilishana mawasiliano vilianzishwa, kama KIXP kilichoanza Nairobi mwaka 2000.

Aidha, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadhoofika vibaya nchini Tanzania na katika nchi jirani. Katika siku kama hiyo mtumiaji hujua tu kwamba simu yake haifungui kitu. Ni mwenye kipimo cha kabla na cha baada ndiye awezaye kusema ni njia ipi iliyokatika na ipi iliyoubeba mzigo wake. Vifaa vingi vya RIPE Atlas viko Ulaya na Marekani Kaskazini. Kwa hiyo kila kifaa kinachowekwa upande wetu kina uzito mkubwa kuliko wa mwenzake aliyeko Amsterdam.

4.0 Istilahi tatu

4.1 Jina la kifaa

Majina manne yanaweza kufikiriwa: kipelelezi, kidadisi, kichunguzi na kipimamtandao. Jina la kwanza linafungamana na mpelelezi, yaani mtu atafutaye siri za wengine. Hakuna mwenye nyumba atakayelikaribisha. La pili limekwisha kutumika katika taaluma ya utafiti kwa maana ya hojaji. La tatu lina utata, kwa kuwa kuchunguza huanzia kwenye uchambuzi wa maabara hadi kwenye kuyaingilia mambo ya jirani.

Kipimamtandao kina nguvu mbili. Kwanza, kinafuata muundo uliozoeleka wa kiambishi ki- cha ala, kitenzi na yambwa, kama katika kipimajoto, kipimamvua na kipimapembe. Pili, kitenzi pima kinahifadhi maana inayotakiwa. Apimaye homa hasomi mawazo ya mgonjwa, na apimaye kiwanja hafungui masanduku ya mwenye kiwanja. Vivyo hivyo, kipimamtandao hutuma pakiti zake chenyewe na kupima majibu yake. Hakisomi barua, picha wala mazungumzo yanayopita katika ruta ya mwenyeji.

4.2 Jina la anayekiweka

Wapo wanaomwita mtu huyu mfadhili. Neno hilo halifai, kwa sababu siku hizi mfadhili ni mtoa fedha, na tena ni mtu mkubwa. Mwenyeji ni neno bora zaidi. Mwenyeji humjua mgeni wake, humpa mahali, na ana haki ya kumwambia muda wake umekwisha. Haki hiyo ni ya kweli katika huduma hii, kwani mwenyeji anaweza kuchomoa waya wakati wowote.

4.3 Jina la malipo

Kifaa kikiwa kimeunganishwa, mwenyeji hupata pointi 15 kwa dakika, yaani 21,600 kwa siku. Pointi hizo hazibadilishwi kwa fedha. Hutumika kuagiza vipimo kutoka kwa vifaa vya wenyeji wengine popote duniani. Hatari hapa ni ya tafsiri sisisi. Neno la Kiingereza linalotumika kwa pointi hizo ndilo linalotumiwa na benki, na mfasiri asiye mwangalifu ataandika mikopo. Mwenyeji atadhani anadaiwa, kumbe yeye ndiye anayedai. Tunapendekeza stahiki za upimaji, kwa kuwa stahiki ni kitu ambacho mtu amekwisha kukipata kwa haki. Hapa mgeni kapewa jembe tangu siku ya kwanza, na mavuno ni ya mwenyeji.

5.0 Mipaka ya neno kupima

Istilahi nzuri ikitumiwa kutuliza watu bila kuwaeleza hugeuka kuwa dawa ya usingizi. Kwa hiyo hatuna budi kusema kile ambacho kitenzi pima hakikisemi. Pakiti za kipimamtandao hutoka katika anwani ya mwenyeji. Mtumiaji mwingine mwenye stahiki anaweza kukiagiza kifaa hicho kiulize jina la tovuti fulani katika mfumo wa majina ya vikoa, na kwa anayetazama kutoka nje, swali hilo litaonekana limetoka katika nyumba hiyo.

Waendeshaji wa RIPE Atlas wanaifahamu hatari hii. Kifaa hakiruhusiwi kufungua kurasa za tovuti yoyote ile. Vipimo vya namna hiyo huelekezwa kwa nanga tu, ili mwenyeji aishiye katika nchi yenye tovuti zilizopigwa marufuku asionekane amezitembelea. Maswali ya majina ya vikoa hayakuwekewa kizuizi kama hicho.

Manufaa na hatari hapa hutoka katika chanzo kimoja. Mwezi Machi 2014 serikali ya Uturuki iliifunga Twitter. Baadaye mwezi huo huo, maswali ya majina yaliyopelekwa kwa seva za Google yalielekezwa kwa seva nyingine zilizojifanya kuwa ndizo. Vifaa vya RIPE Atlas vilivyokuwa katika nyumba na ofisi za Uturuki vilisaidia kuthibitisha jambo hilo. Ushahidi huo usingepatikana bila wenyeji, na ulipatikana kwa kuuliza maswali kutoka katika anwani zao. Mwenyeji anayeelezwa faida bila kuelezwa hilo la pili hajaombwa ridhaa.

6.0 Fasili inayopendekezwa

Kwa kuzingatia mjadala huu, tunapendekeza fasili ifuatayo:

kipimamtandao nm [ki-/vi-] kifaa kidogo kinachounganishwa na mtandao wa mwenyeji ili kutuma pakiti zake chenyewe na kupima muda, njia na majibu yake. Hakisomi mawasiliano ya mwenyeji, lakini pakiti zake huonekana zimetoka katika anwani yake.

Anayepeleka kifaa kwa mwenyeji awe tayari pia kujibu maswali manne kwa lugha ya mwenyeji. Kifaa kinaona nini? Kinaona majibu ya pakiti zake tu. Kinatuma nini, na kwa amri ya nani? Kinatuma vipimo vya kudumu vya huduma, pamoja na vipimo vinavyoagizwa na watumiaji wengine. Nani huyaona matokeo? Kwa kawaida ni watu wote, ingawa mahali pa kifaa huonyeshwa kwa kukadiria, si kwa nyumba yenyewe. Ninakiondoaje? Kwa kuchomoa waya, bila kuomba ruhusa.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba upimaji wa intaneti unategemea hiari ya watu wasiojulikana, na kwamba hiari hiyo inategemea maneno. Istilahi kipimamtandao, mwenyeji na stahiki zinafuata kanuni za lugha na zinaeleweka bila kamusi. Lakini kipimo cha ubora wake ni kimoja zaidi: je, mwenye duka wa Kariakoo au mwalimu wa Pemba akishaelezwa kwa maneno haya, anaweza kukataa akijua anachokikataa? Kama anaweza, basi na kukubali kwake kuna maana. Ni wajibu wa idara za Kiswahili kushirikiana na wahandisi kabla vifaa havijapelekwa majumbani, kwa kuwa baada ya hapo maneno yatakuwa yamekwisha kuchaguliwa na watu wengine.