Mwenzi Wako Anaposahau na Kuhuzunika

Siku ya arusi tuliahidi kuwa waaminifu katika afya na katika ugonjwa. Ahadi hiyo hupimwa hasa uzeeni.

Tuseme mzee mmoja wa Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, ana ugonjwa wa kusahau. Sasa ameacha kula, halali usiku, analia, wala hataki tena kwenda kanisani. Watoto wanasema, "Ni uzee tu." Sivyo. Huenda ana huzuni nzito, ambayo mara nyingi huandamana na ugonjwa wa kusahau. Huzuni hiyo yaweza kutibiwa.

Kwanza, mpelekeni hospitali. Huzuni yenyewe, upungufu wa vitamini B12, au dawa fulani zaweza kumzidishia usahaulifu. Akisema afadhali afe, msimpuuze. Asiachwe peke yake, na amwone daktari siku hiyo hiyo.

Pili, mama, usibishane naye. Akimwulizia ndugu yake aliyefariki zamani, usimkaripie, "Si alikufa!" Kwake ni kama kufiwa upya. Mwambie, "Mzee wangu, naona umemkumbuka. Hebu nisimulie habari zake."

Tatu, mpe kazi ndogo: achambue chinsaga au apukuchue mahindi. Tembeeni kidogo asubuhi. Imbeni nyimbo za ujana wenu, kwa maana nyimbo mara nyingi hubaki hata majina yakipotea. Jumuiya Ndogo Ndogo ije kusali naye, na padre aombwe kumletea Komunyo na Mpako wa Wagonjwa.

Nne, kataeni minong'ono ya uchawi. Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto huku Kisii. Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani. Wote walishukiwa kuwa wachawi. Anayetangatanga usiku akiongea peke yake huenda ni mgonjwa. Waelezeni majirani mapema.

Mwisho, mtunzaji naye huchoka. Watoto washike zamu, mama apate kulala na kwenda Misa. Yoshua bin Sira, sura ya 3, anatuagiza kumvumilia mzazi hata akili zake zikipungua.

Jadilianeni nyumbani: Je, nani katika ukoo wetu amekaa kimya siku nyingi? Nani atamtembelea wiki hii?