Somo: Sadaka ya Chakula Iliyo Njema
(Soma Matendo ya Mitume 6:1–7)



Wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, Kanisa lilichagua watu saba waisimamie kazi hiyo. Nasi wa Kifaru, tunapoletea wahitaji chakula, tuwe na utaratibu.

Kwanza, tusilete mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Basi mahindi yakaushwe vizuri na kuchambuliwa kabla ya kupokelewa.

Pili, mahindi peke yake hushibisha, lakini hayatoshi kumjenga mtoto. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha kuchanganya vyakula. Kwa hiyo kila fungu liwe pia na maharage, kunde au choroko, dagaa, mafuta, na chumvi yenye madini joto. Mboga na matunda yagawiwe siku ile ile.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Je, mahindi niliyotoa ningempikia mwanangu?
2. Nani kati yetu atakagua kila fungu kabla halijatoka?