Dondoo muhimu: Kikaushio cha hewa kwa spektromita

Anza na spektromita yenyewe, si katalogi ya muuzaji. Kwa spektromita ya infraredi (FTIR), maadui ni mvuke wa maji na kabonidioksaidi: vyote hufyonza mionzi ileile unayoipima. Tena vipande vya potasiamu bromidi vinavyopitisha mionzi ndani yake huharibiwa na unyevu.

Kazi ya kikaushio ni kuipelekea spektromita hewa kavu ili kuwazuia maadui hao. Uliza kwanza kiwango cha umande cha hewa hiyo, yaani joto ambapo mvuke uliomo hewani huanza kugeuka maji. Kikaushio cha kupoza huishia karibu nyuzi 3 za Selsiasi. Hicho kinatosha gereji ya kupaka rangi magari, hapa hakifai. Tafuta cha chembe za kufyonza unyevu, chenye minara miwili, mmoja ukifanya kazi huku mwenzake ukijikausha. Kifike nyuzi -40, au bora -70. Hakikisha pia kama kiwango hicho kilipimwa chini ya mgandamizo au katika hewa ya kawaida, maana wauzaji hupenda tarakimu inayopendeza. Na si kila kikaushio huondoa kabonidioksaidi, uliza.

Minara hiyo hula sehemu ya hewa ili kujikausha, mara nyingi asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo kompresa inayosukuma hewa kwenye kikaushio iwe na ziada. Chagua isiyotumia mafuta, kwani mafuta yakizifikia chembe, hazifyonzi tena. Vichujio viwekwe kabla na baada ya kikaushio.

Kwa maabara za pwani zenye hewa ya unyevu, Mombasa au Dar es Salaam, usinunue kikaushio kidogo kwa kubana bajeti. Na usifunge hewa kavu usiku, unyevu usije ukarudi ndani ya spektromita.