Mama Anaporudi Kazini, Nani Atashika Kazi za Nyumbani?

Somo la kujadiliwa kikundini



Somo letu safari hii ni la akina mama wanaotaka kurudi kazini baada ya kukaa nyumbani miaka mingi wakilea watoto. Akina baba msiondoke chini ya mwembe. Somo linawahusu, na mbele kidogo mtaona kwa nini.

Muulize mama wa Mnarani ambaye amelea kwa miaka minane: "Unafanya kazi gani?" Mara nyingi atakujibu, "Mimi sina kazi, niko nyumbani tu." Hiyo "tu" ndiyo tunayotaka kuichambua. Hata sheria ya Kenya haikubaliani nayo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba kazi za nyumbani, kulea watoto na kulima shamba la familia ni mchango katika mali ya mume na mke, hata kama haukuleta shilingi mkononi. Basi mama huyu hatoki kwenye kukaa bure kwenda kazini. Anatoka kwenye kazi moja anakwenda kwenye nyingine, na ile ya kwanza haimsubiri wala haipungui. Hapo ndipo penye shida.

Kwanza tuangalie kazi yenyewe iko wapi, maana si lazima uikute pale ulipoiacha. Wazee wetu hapa wanajua. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, magari yalikuwa yakipanga foleni kungoja feri, na mwenye sinia la chakula alikuwa na wateja waliosimama mbele yake. Daraja likafunguliwa, foleni ikaisha. Kiwanda cha korosho kule ng'ambo nacho kilifungwa miaka hiyo ya 1990, na vibarua wake wakatawanyika. Upande wa pili, mwaka 2013 ilianza serikali ya kaunti, na mwaka huo huo Pwani ikawa chuo kikuu kamili. Wanafunzi wanataka kula, kufuliwa na vyumba vya kupanga. Hoteli za ufukweni zipo, lakini wakati wa masika nyingi hupunguza watu. Kwa hivyo kabla ya kuomba, tembea uone. Uliza ni nani anaajiri sasa, na kazi ni ya mwaka mzima au ya msimu.

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Tafuteni mahali pa mchanga, mchore duara kubwa, hiyo iwe saa ya kutwa. Kusanyeni kokoto, kila kokoto moja ni nusu saa. Mama mmoja ajitolee aanze saa kumi na moja alfajiri: kuwasha moto, chai, kuteka maji, kuwaosha watoto, kufagia, kufua, kutafuta kuni, chakula cha mchana, palizi, kumwangalia mgonjwa, kupika tena jioni, kuosha vyombo. Kila kazi iwekewe kokoto zake mahali pake. Msiharakishe. Akina baba wahesabu kokoto kwa sauti.

Mkimaliza, semeni mama huyu amepata kazi ya zamu, anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Okoteni kokoto zote za saa hizo, mziweke katikati. Halafu muulizane: hizi ni za nani sasa?

Jibu la haraka huwa ni "watoto watasaidia". Tuseme wazi watoto gani. Kijana wa kiume haitwi. Anayeitwa ni binti mkubwa, yule wa gredi ya saba au ya nane. Wiki ya kwanza anachelewa shule kwa sababu ya mdogo wake. Wiki ya tatu anakosa siku ya Jumatatu. Muhula ukiisha hataki kurudi, anaona aibu kuwa nyuma ya wenzake. Hapo mshahara wa mama umelipwa na shule ya binti, na huyo binti baada ya miaka kumi atakuwa mama anayetafuta kazi bila cheti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asipofanya hivyo ni kosa. Wala tusihamishe mzigo kwa binti wa mtu mwingine, yule anayeletwa kutoka bara "kusaidia kazi" akiwa na miaka kumi na mbili. Ukiajiri msaidizi, awe mtu mzima mwenye kitambulisho, na mpatane mshahara.

Kwa hivyo kokoto zile zigawanywe na watu wazima kwanza. Baba achukue ngapi? Hapa kutakuwa na kicheko, na kikundi kikiwa na wazee wakali kutakuwa na kununa. Lakini angalieni jambo hili: anayechota maji kwa mitungi na baiskeli akilipwa ni mwanamume. Mpishi wa hoteli mara nyingi ni mwanamume. Kumbe mikono inaweza. Kinachozuia si nguvu wala ujuzi, ni kuonekana na jirani. Watoto nao wapewe kokoto chache, za kike na za kiume sawa, baada ya shule na si badala ya shule.

Pesa nazo zihesabiwe kabla, si baada. Tuchukue mfano wa kibarua cha shilingi 500 kwa siku. Nauli 100, chakula cha mchana 80, anayemshika mtoto mdogo 150. Zinabaki 170. Kwa siku 26 ni shilingi 4,420. Wengine wakiona hivyo husema haifai, heri nikae. Mimi nasema hesabu haijaisha. Ile 150 ni ya muda, mtoto akifika miaka minne anaingia chekechea. Na mwajiri anayefuata sheria anakuchangia NSSF, jambo ambalo jiko la nyumbani halikufanyii. Ila kama baada ya hesabu unabaki na shilingi 20, basi tafuta kazi ya karibu na nyumbani, hakuna aibu.

Karatasi nitazitaja kwa ufupi. Kitambulisho kiwe sawa, majina yafanane na ya cheti cha shule. Kazi ya chakula inataka cheti cha afya, na hiki hupimwa upya kila miezi sita. Wengi wanaoajiri watataka cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Ukiulizwa miaka yote hiyo ulikuwa wapi, usiinamishe kichwa. Sema: "Nililea watoto watatu, na kwa miaka sita nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha watu 25." Kushika pesa za watu 25 bila ugomvi ni jambo ambalo mwajiri analielewa.

Ukipata kazi, jua haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, sheria humhesabu kama mwajiriwa wa mwezi. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi. Sheria ya zamani ilitoa miezi miwili na kula likizo yako ya mwaka. Anayenyonyesha ana haki ya muda wa kunyonyesha, hadi saa moja katika zamu ya saa nane, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017.

Kikundi nacho kina kazi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kumwandikia mwanachama barua yenye muhuri, kueleza cheo alichoshika na kwa miaka mingapi. Pia akina mama watano wenye watoto wadogo wanaweza kuwaweka nyumba moja, wakamlipa bibi mmoja anayeaminika. Gharama ya kila mmoja itashuka. Lakini pawe na choo, maji safi, na mtu asiyelala mchana.

Maswali ya kujadiliana

Katika kijiji chetu, ni mabinti wangapi walioacha shule tangu Januari, na nani alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwao?

Baada ya kugawa kokoto, ni zipi zilizobaki katikati bila mwenyewe? Kwa nini hizo?

Ni mama gani kati yetu anataka kurudi kazini mwaka huu, na kikundi kimsaidie kwa lipi kabla ya mkutano ujao? Katibu aandike jina, jambo na tarehe.

Kila baba aliyehudhuria ataje kokoto moja aliyoichukua. Mkutano ujao tutamuuliza mke wake.